Mashine ya ndani na ya nje zisipopatana: namna ya kulisaka kosa kwenye kiyoyozi

Kiyoyozi kikiganda barafu, kikaongezewa gesi, kikapoza siku chache kisha kikaganda tena, huenda hakijapungukiwa gesi hata gramu moja. Linalosahaulika kuulizwa ni kama mashine ya ndani na mashine ya nje ziliundwa kufanya kazi pamoja. Labda moja ilikufa ikabadilishwa peke yake. Labda ya nje ilitolewa stoo na kufungwa kwa sababu "BTU ni zile zile", yaani kipimo cha uwezo wa kupoza kinalingana. Kuongeza gesi hakuondoi kosa la namna hiyo. Kunalificha kwa muda, na gesi ikizidi kompresa ndiyo inayolipa.

Kiyoyozi cha vipande viwili ni mzunguko mmoja uliogawanywa. Kompresa na koili moja ziko nje, koili nyingine na feni yake ziko ndani, na kati yake kuna paipu mbili za shaba na waya chache. Pande hizo lazima zikubaliane kuhusu gesi na oili, ukubwa, mahali kilipo kipunguza presha (kifaa kinachoishusha presha ya gesi kabla haijaingia kwenye koili ya kupozea), na namna ya kuzungumza kwa umeme. Kutokubaliana kwenye gesi ni hatari. Kwenye ukubwa kunaua polepole. Kwenye kipunguza presha kunawachanganya hata mafundi wazoefu. Kwenye umeme ndiko kosa linakogundulika upesi, kwa kuwa mashine yenyewe hulalamika kwenye kioo chake.

Lebo kabla ya geji

Geji ya kupimia presha ikifungwa kabla ya kusoma lebo, namba zake hazina cha kulinganishwa nacho. Nakili lebo zote mbili: modeli nzima mpaka herufi ya mwisho, aina ya gesi na uzito wake, volti na hezi, uwezo wa kupoza na wa kupasha, ampea, na presha ya juu inayoruhusiwa. Ya nje iko ubavuni. Ya ndani iko ubavuni au chini ya mashine, na kwenye mashine za darini zenye mifereji ya hewa iko kwenye bati la koili.

Namba zilizo ndani ya jina la modeli zinapotosha. Kuna viwanda vinavyoandika maelfu ya BTU: 09, 12, 18, 24. Vingine huandika kilowati bila nukta: 25, 35, 50, 71, maana yake kilowati 2.5, 3.5, 5.0 na 7.1. Kwa hiyo 35 ya kiwanda kimoja ni BTU 12,000, yaani tani moja, wakati 36 ya kiwanda kingine ni BTU 36,000, yaani tani tatu. Namba zimepishana moja tu, mashine zimepishana mara tatu. Usilinganishe majina ya modeli, linganisha uwezo ulioandikwa kwenye lebo.

Hezi nazo zisomwe. Mashine ya kasi moja iliyoundwa kwa umeme wa 60 Hz ikifungwa kwenye 50 Hz, mota yake huzunguka pungufu kwa takribani moja ya sita, na uwezo wake hushuka hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Gesi: hapa hakuna maelewano

Gesi tatu zinakutana sana kwenye mashine za nyumbani. R-22 ni ya zamani na inaondolewa chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987. R-410A ni mchanganyiko wa nusu R-32 na nusu R-125. R-32 yenyewe ndiyo iliyojaa kwenye mashine mpya. Koili ikiwa kwenye nyuzi 4.5 hivi za Selsiasi, R-22 husoma kama psi 69 (psi ni kipimo cha presha) na R-410A kama psi 119. R-32 husoma karibu sawa na R-410A, ikizidi kidogo. Upande wa kusukuma, yaani gesi inakotokea kwenye kompresa, kwenye nyuzi 49, R-22 huwa karibu psi 260 na R-410A karibu psi 418.

Tofauti hiyo ndiyo sababu koili ya ndani iliyotengenezwa kwa R-22 haifai kuunganishwa na mashine ya nje ya R-410A, hasa kama mashine ni ya kupoza na kupasha. Wakati wa kupasha, koili ya ndani ndiyo inayobeba presha kubwa, na chuma kilichoandaliwa kwa psi 260 kinajikuta kinabeba zaidi ya 400. Inaweza kuvumilia majira yote ya joto, kisha ikapasuka baridi ikianza.

Oili ni tatizo la pili, nalo halionekani. Mashine za R-22 kwa kawaida hutumia oili ya madini; za R-410A na R-32 hutumia oili ya sintetiki aina ya POE. Gesi mpya haichanganyiki vizuri na oili ya madini. Mabaki ya oili hiyo kwenye koili ya zamani yanabaki pale pale, yanafunika ukuta wa paipu kwa ndani na kupunguza ubadilishanaji wa joto, na hayarudi kwenye kompresa kuilainisha. POE nayo inanyonya unyevu wa hewani kwa kasi, kwa hiyo paipu zikiachwa wazi usiku kucha unyevu unaingia, na unyevu pamoja na POE hutengeneza asidi.

R-32 inashika moto, ingawa kwa uhafifu. Kuijaza kwenye mashine iliyoundwa kwa R-410A kwa sababu "presha zinalingana" ni kosa: kompresa itatoa gesi yenye joto zaidi kuliko iliyokusudiwa, na vifaa vya umeme vya mashine hiyo havikuandaliwa kwa gesi inayowaka. Propani, yaani R-290, kwenye mashine ya zamani ya R-22 ni hatari zaidi. Kwenye jambo hili hakuna marekebisho ya kati. Lebo zikitaja gesi tofauti, kipande kimoja kibadilishwe.

Ukubwa usiolingana

Hapa ndipo gesi nyingi inapopotea bure, kwa hiyo tukae kidogo.

Tuchukue mashine ya nje ya BTU 18,000 iliyounganishwa na ya ndani ya 12,000. Kompresa inanyonya gesi haraka kuliko koili ndogo inavyoweza kuichemsha. Presha ya upande wa kunyonya (gesi inakorudia kompresa) inashuka, joto la koili linashuka nayo, likifika chini ya sifuri unyevu wa hewa unaganda juu ya mapezi, yale mabati membamba ya koili. Barafu inaziba njia ya hewa, koili inazidi kukosa joto, barafu inaongezeka. Fundi anafunga geji, anaona presha iko chini, anaongeza gesi. Presha inapanda, barafu inayeyuka, mteja anaridhika. Lakini sasa kimiminika ambacho hakikuchemka kinarudi mpaka kwenye kompresa na kuosha oili yake. Kompresa ikifa baada ya miezi, umeme ndio unaolaumiwa.

Presha peke yake haiwezi kutofautisha upungufu wa gesi na koili ndogo, kwa sababu zote mbili zinashusha upande wa kunyonya. Kinachozitofautisha ni joto la ziada, yaani tofauti kati ya joto ambalo gesi inachemkia kwa presha iliyopo na joto halisi la paipu nene, ile inayorudisha gesi kwenye kompresa. Kwa R-410A, geji ikisoma psi 119, gesi inachemka kwenye nyuzi 4.4. Ukipima paipu nene karibu na mashine ya nje ukapata nyuzi 11, joto la ziada ni 6.6, ambalo ni zuri. Gesi ikipungua, koili inakauka mapema na joto la ziada linapanda, linaweza kupita 15. Koili ikiwa ndogo kuliko kompresa, gesi haimalizi kuchemka na joto la ziada linakaribia sifuri. Presha ya chini pamoja na joto la ziada kubwa ni upungufu wa gesi. Presha ya chini pamoja na joto la ziada dogo ni koili kukosa joto la kutosha.

Mahali barafu inapoanzia panatoa ushahidi huo huo bila kifaa. Upungufu wa gesi hugandisha sehemu ya koili iliyo karibu na mahali gesi inapoingilia, huku sehemu nyingine ikiwa na joto la chumba. Koili inayokosa joto huganda uso mzima, na barafu hufuata paipu nene mpaka nje.

Tahadhari moja hapa: chujio chafu, feni iliyojaa vumbi au kasi ndogo ya feni hutoa dalili zile zile za koili ndogo, kwa sababu tatizo ni lile lile la joto kutofika kwenye koili. Ndiyo maana usafi hutangulia vipimo. Osha chujio, osha koili, safisha gurudumu la feni, kisha pima. Kwenye mashine za mifereji, kila tani moja inahitaji takribani mita za ujazo 680 za hewa kwa saa, na kati ya 600 na 760 inakubalika. Feni iliyopangwa kwa tani mbili ikibaki vile vile baada ya mashine ya nje kubadilishwa kuwa ya tani tatu, itagandisha hata koili yenye ukubwa sahihi. Kasi hiyo hupangwa kwa waya za mota au kwa swichi ndogo za kwenye bodi, na ni jambo la kwanza kusahaulika.

Kinyume chake, ya nje ikiwa ndogo kuliko ya ndani, hakuna barafu wala kelele, ndiyo maana kosa hili huishi miaka. Kompresa haiwezi kuvuta gesi yote ambayo koili kubwa inaichemsha. Presha ya kunyonya inakaa juu, koili inakuwa na nyuzi 13 au 15 badala ya 5 mpaka 8, na hewa inayotoka imepoa kidogo tu. Kwa kawaida hewa inayotoka huwa na baridi ya nyuzi 8 mpaka 12 kuliko inayoingia. Hapa utapata 5 au 6. Chumba kinabaki na unyevunyevu, maana koili ya uvuguvugu haikamui maji hewani.

Kompresa iliyochoka nayo huleta presha ya kunyonya iliyo juu. Zitofautishe kwa ampea: kompresa iliyochoka ndani huvuta ampea chache kuliko za lebo, ilhali kompresa nzima iliyobebeshwa koili kubwa huvuta karibu na kiwango cha lebo au kukizidi.

Si kila tofauti ya ukubwa ni kosa. Kwenye mifumo ya mifereji, koili ya ndani iliyozidi kwa nusu tani mara nyingi huchaguliwa makusudi ili kuongeza ufanisi, na viwanda huorodhesha jozi hizo kwenye majedwali yao. Marekani zipo kwenye orodha ya AHRI, taasisi ya viwanda vya viyoyozi. Jozi isiyoorodheshwa huenda ikafanya kazi, lakini hakuna anayeweza kukuhakikishia uwezo wake, na dhamana ya kiwanda kwa kawaida haiigusi.

Kipunguza presha kiko wapi?

Kati ya koili ya nje na ya ndani lazima kuwe na kitu kimoja kinachoshusha presha ghafla. Chaweza kuwa kapilari (paipu nyembamba mno), pistoni yenye tundu dogo, vali ya upanuzi inayojirekebisha kwa joto, au vali ya upanuzi ya umeme. Watu wengi hudhani mahali pake ni pamoja kwenye mashine zote. Si hivyo. Kwenye AC za ukutani kwa kawaida kiko ndani ya mashine ya nje. Kwenye mifumo ya mifereji kiko kwenye koili ya ndani.

Sasa chukua mashine ya nje ya AC ya ukutani uiunganishe na koili ya mifereji yenye vali ya upanuzi. Presha inashushwa mara mbili: kapilari ya nje inaishusha, kisha vali ya ndani inadai kuishusha tena. Koili inakaa na njaa. Upande wa kunyonya unasoma chini sana, joto la ziada ni kubwa, na kila kitu kinafanana na upungufu wa gesi, kwa hiyo gesi inaongezwa tena na tena bila faida. Kinyume chake ni mashine ya nje ya mfumo wa mifereji kuunganishwa na mashine ya ndani ya ukutani. Hapo hakuna kipunguza presha popote. Geji mbili zinakaribiana, paipu zote mbili zina uvuguvugu, ubaridi haupo, na kompresa inamezeshwa kimiminika tangu dakika ya kwanza. Zima mara moja.

Jaribio la kujua kilipo halihitaji geji. Washa upozaji dakika 15, kisha shika paipu nyembamba pale inapotokea kwenye mashine ya nje. Ikiwa ya baridi na ina jasho, presha imeshashushwa kabla ya pale, basi kipunguza presha kiko nje. Ikiwa na uvuguvugu uliozidi hewa ya nje kidogo, kiko ndani. Ukitaka hakika, fungua kifuniko cha koili ya ndani utafute vali. Hapo pia utaelewa kwa nini kwenye AC za ukutani paipu zote mbili huvikwa sponji: paipu nyembamba yenye baridi ikiachwa uchi hutiririsha maji ukutani, na watu huanza kutafuta uvujaji kwenye bomba la maji machafu.

Hata vikiwa mahali sahihi, ukubwa wake lazima ufuate mashine ya nje. Pistoni hupewa namba kulingana na tundu lake, na viwanda vingi vya mifumo ya mifereji huweka pistoni sahihi kwenye kifurushi cha mashine ya nje. Inatakiwa ibadilishwe wakati wa kufunga. Ikiachwa ya zamani yenye tundu kubwa, koili inafurika; yenye tundu dogo, inakauka. Vali ya upanuzi ya R-22 nayo haisomi R-410A sawasawa hata kama tani zinalingana.

Hili pia linabadilisha namna ya kujaza. Kwenye mfumo wa mifereji wenye vali ya upanuzi unajaza kwa kuangalia ubaridi wa ziada kwenye paipu nyembamba, yaani nyuzi ambazo kimiminika kimepoa chini ya joto ambalo gesi inageuka kimiminika kwa presha iliyopo. Kama presha ya kusukuma inaonyesha nyuzi 49 na paipu nyembamba ina 43, ubaridi wa ziada ni 6, na nyuzi 5 hadi 7 zinatosha kwa mashine nyingi isipokuwa lebo iseme vingine. Kwenye AC ya ukutani kipimo hicho hakipatikani, kwa sababu kimiminika safi hakitoki nje ya mashine. Hapo njia ya kuaminika ni moja: toa gesi yote, vuta vakyumu (nyonya hewa na unyevu wote kwa pampu), jaza kwa mizani uzito wa lebo. R-410A itoke kwenye mtungi ikiwa kimiminika, kwa kuwa ni mchanganyiko. Mashine za inveta hubadilisha kasi ya kompresa zenyewe, kwa hiyo namba za geji hazina maana mpaka uiweke kwenye hali ya majaribio inayoshikilia kasi moja.

Makosa yanayosubiri majira ya kupasha

Mashine ya kupoza na kupasha hugeuza mzunguko kwa vali ya kugeuza. Koili ya ndani iliyokuwa ikinyonya joto sasa inalitoa, na jozi isiyolingana iliyovumilika wakati wa kupoza huanza kujizima.

Koili ya ndani ikiwa ndogo, haiwezi kuliondoa joto lote linalosukumwa na kompresa. Presha inapanda na swichi ya usalama inakata. Gesi nayo inachangia: kiasi kilichotosha wakati koili kubwa ya nje ndiyo inayobeba kimiminika kinazidi sasa kwa kuwa ni koili ndogo ya ndani inayokibeba. Kwa sababu hiyo fundi anayepunguza gesi ili kupasha kusizimike atakuta kupoza kumeharibika majira yakigeuka. Jozi ya namna hiyo haina kiasi cha gesi kinachofaa pande zote mbili. Hewa ya kupasha inapaswa kutoka kwenye nyuzi 35 mpaka 45 hivi. Ikifika 55 muda mfupi kabla ya kuzima, shuku koili ndogo au feni ya taratibu.

Koili ya ndani ya mashine ya kupoza tu haifai kwenye mfumo wa kupasha. Vali yake ya upanuzi mara nyingi haina njia ya pembeni yenye vali ya upande mmoja, kwa hiyo gesi ikigeuka inagonga ukuta. Bodi yake nayo haijui kusubiri koili ipate joto kabla ya kuwasha feni, hivyo itakupulizia hewa ya baridi kila mzunguko unapoanza.

Kuna kosa moja linalofanana na maajabu: ukiomba baridi linakuja joto, ukiomba joto inakuja baridi. Kwenye mifumo yenye themostati ya volti 24, waya wa O/B ndio unaoendesha vali ya kugeuza. Viwanda vingi huipa vali umeme wakati wa kupoza. Baadhi, kama Rheem na Ruud, huipa wakati wa kupasha. Mashine ya nje ikibadilishwa kwa ya kiwanda kingine, mpangilio wa O au B ubadilishwe ndani ya themostati. Waya na gesi viachwe.

Mashine zisizosikilizana

AC ya ukutani ya kasi moja na ya inveta haziwezi kuoana. Kwenye ya kasi moja, bodi ya ndani hutuma volti 220 moja kwa moja kuiwasha kompresa. Kwenye inveta, mashine ya nje ina umeme wake muda wote na inapokea ujumbe kwenye waya wa mawasiliano. Ukizichanganya, ukiwa na bahati hakuna kitakachotokea. Ukikosa bahati, volti 220 zinaingia kwenye waya wa ujumbe na kuunguza bodi. Usijaribu "kuzungusha waya uone".

Hata inveta mbili za kiwanda kimoja zenye BTU sawa zinaweza kuwa za vizazi tofauti zisielewane. Daikin huonyesha UA pale jozi isipokubalika, na U4 pale mawasiliano yanapokatika. LG huonyesha CH05 na Gree E6 kwa mawasiliano. Hizi ni hali tofauti: kutolingana hakurekebishwi kwa waya, kukatika kwa mawasiliano mara nyingi kunarekebishwa.

Kwa kukatika, zima breka kwanza. Kapasita za mashine ya nje ya inveta hubaki na zaidi ya volti 300 DC baada ya kuzima, kwa hiyo subiri angalau dakika 10 na upime kabla ya kugusa. Hakikisha waya zimefuata namba zile zile pande zote mbili, na hakuna kiungo cha kusokota katikati ya ukuta. Kwenye modeli nyingi ujumbe hupimwa dhidi ya nyutro, hivyo laivu na nyutro zikipishana upande mmoja, mawasiliano hufa ingawa mashine zote zina umeme. Washa tena, weka mita kwenye DC kati ya nyutro na waya wa ujumbe. Namba inayopandashuka ni mazungumzo. Namba iliyosimama kimya ina maana upande mmoja haujibu.

Bodi mpya huleta kutolingana kwa aina nyingine. Kwenye Gree, kizibo kidogo kilichochomekwa kwenye bodi hueleza modeli, na kisipohamishwa kutoka bodi ya zamani utapata C5. Sensa nazo si sawa: zipo za kiloomu 5, 10, 15 na 20 kwenye nyuzi 25. Bodi inayotarajia 10 ikipewa ya 5, chumba cha nyuzi 25 itakisoma kama kina takribani 41, na itapoza bila kukoma. Pima sensa kwa omu kabla ya kulaumu bodi.

Zile "bodi za jumla" zinazouzwa kufufua jozi yoyote zinafaa kwa mashine za kasi moja pekee, na hata hapo unapoteza baadhi ya ulinzi wa kiwanda. Kwa inveta ni pesa ya kutupa.

Ya nje moja, za ndani kadhaa

Mfumo wa vyumba vingi una kosa lake: paipu za chumba A zimeunganishwa mlango wa kwanza wa mashine ya nje (mahali paipu na waya za kila chumba zinapofungwa) lakini waya wake uko mlango wa pili. Chumba A kinaomba baridi, vali ya chumba B inafunguka, koili ya B ambayo feni yake imezimwa inaganda, na A haipoi kamwe. Kila mashine ikipimwa peke yake ni nzima. Vyumba vyote vikiwashwa pamoja kosa halionekani, na hivyo linapita siku ya kukabidhi kazi. Washa chumba kimoja tu kwa dakika 10, gusa paipu kwenye milango ya nje, kisha rudia kwa kila chumba. Baadhi ya mashine zina swichi ya kujikagua waya zenyewe. Kumbuka pia kwamba mfumo wa kawaida haupozi chumba kimoja huku ukipasha kingine. Anayekuja wa pili husubiri, na taa ya kusubiri si hitilafu.

Nini kifanyike baada ya kulijua kosa

Kipunguza presha kibaya, kasi ya feni, mpangilio wa O/B, waya, sensa na kizibo cha bodi hurekebishwa bila kubadilisha mashine. Tofauti ya gesi, inveta na kasi moja, au BTU 6,000 kwenda juu kati ya pande mbili kwenye jozi isiyoorodheshwa, hairekebishiki. Badilisha upande mmoja upate jozi iliyoorodheshwa. Kama uliobaki ni wa R-22, badilisha zote mbili.

Paipu za zamani zinaweza kubaki iwapo kipenyo kinalingana na lebo mpya na ukuta wake unahimili presha mpya. Kwa kawaida BTU 9,000 hutumia robo inchi na 3/8, 18,000 robo na nusu inchi, 24,000 3/8 na 5/8. Zioshwe kwa dawa ya kusafishia na nitrojeni kama zilibeba oili ya madini, na vikombe vya mwishoni (midomo ya paipu iliyopanuliwa ili ikazwe kwa nati) vikatwe upya. Jaribu uvujaji kwa nitrojeni usivuke presha ya lebo, kamwe usitumie oksijeni. Vuta vakyumu mpaka maikroni 500 (kipimo cha presha iliyobaki ndani), funga vali ya pampu, subiri dakika 10. Ikipanda kupita 1,000 kuna unyevu au uvujaji. Jaza kwa mizani, ukiongeza gramu 15 hadi 20 kwa kila mita inayozidi urefu uliojazwa kiwandani kama paipu nyembamba ni ya robo inchi.

Kisha andika ndani ya kifuniko cha mashine ya nje, kwa kalamu isiyofutika: modeli ya ndani, aina na uzito wa gesi, namba ya pistoni kama ipo, kasi ya feni iliyowekwa, na joto la ziada lililopimwa siku hiyo pamoja na joto la hewa ya nje.